"La mgambo likilia": hiyo "la" ni ya nini, na mgambo ni nani?

#1 MwishoWaReli

Wakuu, mwakeye.

Niko Kigoma, Mwanga. Jana asubuhi nilikuwa nimesimama kwa mama mmoja anayeuza dagaa na migebuka ya kukaanga kando ya barabara, nasubiri chenji. Likapita gari la matangazo, lile la spika mbili juu ya paa. Jamaa ndani akaanza kwa sauti ya mtangazaji wa mpira: "Laaa mgambo likilia, kuna jambo! Wananchi wote mnatangaziwa..."

Hakufika mbali. Mama aliposikia "mgambo" tu, akawaza wale askari wa rungu wanaofukuza wachuuzi: ungo juu, dagaa ndani ya ndoo, kanga juu ya ndoo, akavuka mtaro. Mwenzake wa nyanya naye huyo. Kijana wa mitumba akakunja turubai kwa pembe zake nne na mzigo ukiwa ndani, akalitupa mgongoni. Haikupita dakika, pale nimebaki mimi na bakuli la pilipili.

Kumbe tangazo lenyewe lilikuwa la mkutano wa mtaa, habari za maji. Gari limekuja kuwaita watu, watu wamekimbia!

Chenji yangu mia tano sijaipata mpaka naandika hapa. Ila kilichonikosesha usingizi ni methali. Hiyo "la" ni ya nini? Kinacholia ni nini? Mgambo ndiye analia? Na kama ni methali ya kuita watu, ilikuwaje neno likageuka la kuwatawanya? Wanaojua lugha karibuni. Wa matusi mna jukwaa lenu.

#2 KobeWaGombe

Mia tano hiyo imeshakwenda na maji mkuu. Hesabu ni mchango wa mtaa.

#3 SajiniMstaafu

Mbona rahisi sana. "La" ni ya jeshi. Jeshi la mgambo. Jeshi la mgambo likilia, yaani likipita na mchakamchaka alfajiri, ujue kuna jambo. Nimepita mafunzo hayo, naongea kitu ninachokijua. Uzi ufungwe.

#4 MwlChaki

Usifungwe kwanza. Sajini, heshima yako, lakini hapo umetuangusha. Jeshi la mgambo tunalolijua lilipata nguvu baada ya Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971, uliotaka wananchi wenyewe wafundishwe ulinzi. Methali ni ya zamani kuliko hapo kwa mbali, wazee walikuwa nayo kabla ya TANU yenyewe. Mjukuu hawezi kumzaa babu.

Tazama neno lenyewe lilivyofinyangwa. Kucheza, mchezo. Kugoma, mgomo. Kukopa, mkopo. Kwenda, mwendo. Kitenzi kikivishwa m- mbele na -o nyuma, kinachozaliwa ni tendo au kitu, wala si mtu. Mtu ni mchezaji, mgomaji, mkopaji. Hakuna anayesema "mgomo amekamatwa". Basi mgambo kwa umbo lake ni wa ukoo huo huo: tangazo la watu wote, mwito wa hadhara. Kamusi za zamani zinalieleza hivyo hivyo. Ukitaka kulipatanisha sawasawa utasema mgambo huu, siyo mgambo huyu.

Sasa jeshi. Jeshi la mgambo maana yake ni jeshi la kuitwa. Jambo likitokea watu wanaitwa kutoka mashambani, jambo likiisha kila mmoja anarudi kwenye jembe lake. Ndivyo walivyoitwa kwenye vita vya Kagera, 1978 hadi 1979. Mtu wa jeshi hilo, kwa haki ya lugha, ni mwanamgambo. Lakini midomo yetu mivivu. Tukakata "jeshi", tukakata "mwana", akabaki mgambo na rungu lake.

Suala la "la" nitalirudia jioni. Sasa hivi kengele ya kipindi imelia, na yenyewe ni mbiu.

#5 KobeWaGombe

Kwa hiyo mama alikimbia tangazo, siyo mtu?

#6 MwishoWaReli

Alikimbia vyote viwili kwa mpigo. Huku kwetu tangazo linapita na gari, na mgambo wenye rungu nao wanapita na gari. Atachambua saa ngapi?

#7 NshomileMpole

Kabla sijachangia naomba ijulikane natoka Bukoba. (Haya, chekeni mmalize.)

Kihaya, kugamba ni kusema. Ndiyo hivyo tu. Mtu akikuambia jambo, amegamba. Sasa Mwalimu anaposema mgambo ni tangazo, mimi sishangai hata kidogo. Nimeshangaa kwamba ninyi mnashangaa.

Na msiseme neno hilo limekufa kwenye Kiswahili, mnalo kila siku mdomoni: KUJIGAMBA. Mtu anayejigamba anafanya nini? Anajisema. Anajipigia mbiu mwenyewe bila kusubiri watu wengine wampigie. Toa "ji", inabaki "gamba". Mmelitunza neno kwenye maringo, mkalisahau kwenye mikutano.

#8 SajiniMstaafu

Mhaya kutufundisha habari za kujigamba. Hapo kweli tumepata mtaalamu.

#9 MwlChaki

Hahaha. Lakini ametoa hoja nzito kuliko yangu. Hiyo "kujigamba" sikuwa nimeiwaza, na ndiyo ushahidi mzuri kuliko wote kwa sababu umo ndani ya Kiswahili chenyewe. Waganda na Wanyankole nao wanagamba kwa maana hiyo hiyo ya kusema. Mambo haya ni ya ukoo, asije mtu akaanza kudai nani kamwibia nani.

#10 Mwanapwani

Salaam kutoka pwani. Huku ukisema mgambo peke yake umesema nusu. Kitu kizima ni MBIU YA MGAMBO. Mbiu ndiyo pembe inayopulizwa, ya nyati au ya mnyama mwingine, na mgambo ndiyo shughuli yake. Na methali kamili niliyofundishwa na bibi yangu ni "Mbiu ya mgambo ikilia ina jambo". Hakuna "la" wala nini. Pembe ya heshima zaidi ilikuwa siwa, hiyo si ya kila siku, ni ya arusi za wakubwa na kutawazwa. Lamu wanayo ya shaba, Pate ya pembe za ndovu. Hiyo ikilia huulizi ina jambo gani, unakwenda kuoga unatafuta kanzu.

#11 MwishoWaReli

Mwanapwani ahsante, ila umenichanganya zaidi. Ikiwa ni mbiu, basi "ya mgambo ikilia". "La" imetoka wapi?

#12 KobeWaGombe

Imetoka kwenye spika. Laaaaa.

#13 BintiWaNzega

Mwangaluka. Nimesoma tangu mwanzo, naona mnazungumza pembe na kamusi, hakuna aliyetaja kitu ambacho sisi wa Tabora tumekulia nacho. MWANO.

Kwa asiyejua: mwano ni ukunga wa kuitana. Sauti moja nyembamba, ndefu, inapanda halafu inakatika, halafu inapanda tena. Haina maneno. Huwezi kuufananisha na yowe la mtu anayepigwa na mumewe wala kilio cha msiba, mtoto wa miaka mitano anatofautisha. Sungusungu walipoanza huku kwetu na Shinyanga mwanzoni mwa miaka ya 1980, ng'ombe wanaibwa kila wiki, mwano ndio uliokuwa simu yao. Filimbi zilikuja kusaidia, lakini mwano hauhitaji kununuliwa.

Niwaambie jinsi ulivyofanya kazi, maana nadhani ndiyo jibu la swali la ndugu yetu wa Kigoma. Usiku mmoja nikiwa darasa la tatu au la nne, nililala na bibi. Nikasikia mwano mbali, upande wa mbugani, mwembamba kama mbu. Bibi alikuwa kikongwe, kutembea ni kwa fimbo. Alikaa kitandani, akaweka kiganja shavuni, akaupokea. Yaani akaupiga na yeye, pale pale kitandani, mpaka nikaziba masikio. Sekunde chache nikasikia nyumba ya pili nao wanaupokea, kisha ya tatu, ukaenda hivyo mpaka ukapotea upande wa pili wa kijiji. Wakati huo baba ameshatoka na upinde, hata viatu hakuvaa. Bibi akalala. Kazi yake ilikuwa imeisha.

Mnaona? Mwano hauna mwenyewe. Anayeusikia ndiye anayekuwa mpigaji wa pili. Huwezi kusema "sikutangaziwa", kwa sababu ukishasikia umeshakuwa mtangazaji. Na ukisikia ukajifunika blanketi, asubuhi unaulizwa. Baba mdogo mmoja, marehemu sasa, aliwahi kuulizwa. Alikuwa amelewa, alisema hakusikia. Walimuuliza mke wake akasema alimwamsha mara mbili. Faini mbuzi mmoja, na mpaka mbuzi atolewe, hakuna wa kumsalimia wala kumpa moto. Alikaa siku tatu tu na ukimya huo. Ya nne mbuzi alitoka, na alikuwa mnono.

Na ukiupiga bure ni kosa vile vile. Kuna kijana aliupiga kwa sababu ya fisi. Fisi si jambo la mwano, fisi unamfukuza mwenyewe.

#14 MwishoWaReli

Dada, hapo "umeshakuwa mtangazaji" umenimaliza. Gari letu la spika nani ataupokea? Mtu anasikia, gari limepita, kimya.

#15 SajiniMstaafu

Sawa mambo ya kijijini mazuri. Lakini mwano na mgambo ni vitu viwili tofauti, tusichanganye mafaili.

#16 BintiWaNzega

Kaka Sajini, faili ni moja. Sungusungu walipokamata watu kwa miaka kadhaa bila sheria, kukawa na kelele nyingi. Mwaka 1989 Bunge likawapa uwezo wa kukamata, na unajua walipitishwa mlango gani? Marekebisho ya sheria za mgambo. Serikali ilipotafuta mahali pa kuwaweka watu wanaoitana kwa mwano, ikakuta kabati lililoandikwa mgambo liko wazi. Kwa hiyo kisheria mwano na mgambo wamelala chumba kimoja.

#17 MwlChaki

Hiyo inaingia kwenye notisi zangu.

#18 MvuviWaKalya

Mnasema pembe, pembe, pembe. Sisi wa ziwani mbiu yetu ilikuwa honi ya Liemba.

Vituo vingi vya ziwani havikuwa na gati. Meli ilisimama majini, watu na mizigo vilifuatwa na mitumbwi. Na ratiba ya Liemba kila mtu aliijua, ilifika ilipofika. Basi unalala na sikio moja nje. Honi ikilia saa nane ya usiku, nzito ile, inagonga mlima inarudi, unaona taa zinawaka mwaloni moja baada ya nyingine, kina mama na mafurushi ya dagaa, mtu na jogoo kwapani, wagonjwa wanabebwa. Hakuna aliyeita jina la mtu. Ukichelewa utasubiri safari nyingine, na safari nyingine si kesho.

Meli ile Wajerumani waliileta vipande vipande wakaiunga hapo Kigoma, ikashushwa majini 1915, mwaka uliofuata wakaizamisha wenyewe isichukuliwe na adui. Waingereza wakaiopoa, na tangu 1927 inaitwa Liemba. Nasema haya ili mjue ni honi ya tangu lini.

Halafu mnasumbuka kutafuta mgambo, kuna kituo kinaitwa Lagosa, wengine wanakiita Mgambo. Meli ikipiga honi pale, mgambo analia kweli kweli.

#19 KobeWaGombe

Huyu ndiye mshindi. Uzi ufungwe sasa.

#20 MkenyaMtulivu

Hujambo jirani zetu. Huku Kenya tukisikia "mgambo" hatufikirii mtu wa kufukuza wachuuzi, hao kwetu ni kanjo. Tunafikiria "wanamgambo", na hilo ni neno la taarifa ya habari. Wanamgambo wa Al-Shabaab wameshambulia hapa, wanamgambo wamevamia pale. Mkutano wa kuitwa kwetu ni baraza la chifu. Kwa hivyo nikisoma methali yenu mara ya kwanza nilidhani ni onyo la kigaidi. Niliisoma shuleni mwalimu akatuambia tu "ni lazima kuna sababu", hakueleza la ni nani.

#21 MwishoWaReli

Jirani umegusa kitu. Sisi Kigoma redio tunasikiliza sana kwa sababu ya ng'ambo ya ziwa. "Wanamgambo" ni neno la kila siku: wanamgambo wa Kongo, kundi hili na lile. Nina rafiki Mkongomani, wazazi wake walivuka ziwa miaka ya 1990 wakafikia kambi ya Nyarugusu kule Kasulu. Tukiwa tumekaa kijiweni redio ikafika kwenye neno hilo, ananyoosha mkono anapunguza sauti. Hasemi kitu. Nimemzoea, huwa sikumbuki hata kuuliza.

Nawaza tu: neno lilianza kwa maana ya "njooni". Likawa watu walioitwa. Sasa ni watu unaowakimbia, wawe na rungu au na bunduki. Njia nzima hiyo limetembea bila kubadilisha hata herufi moja.

#22 NshomileMpole

Umegamba vizuri.

#23 MtendajiFulani

Nimekuwa nasoma kimya. Mimi ni mtendaji wa mtaa, mkoa siutaji, na matangazo ya aina hiyo ndiyo ninayoyaandika. Naomba nijitetee.

Kwanza, mnadhani nachagua maneno kwa bahati mbaya. Kuna "mnatangaziwa", kuna "mnaitwa", kuna "mnaalikwa", na kila moja lina bei yake. Nikiandika "mnaalikwa" watu wanauliza kuna chakula? Mwaliko ni wa arusi, na aliyealikwa anaweza kukataa kwa heshima. Nikiandika "mnaitwa" wanauliza nani kashtaki? Kwa sababu kuitwa na serikali ni kuitwa kwenye kesi, hata karatasi ya mahakama jina lake ni hati ya wito. Nikiandika "mnatangaziwa", wanasema ahsante, tumesikia, wanaendelea na shughuli zao. Nifanyeje? Nikiweka methali mbele, angalau wanageuka. Hayo ya kukimbia sikuyajua mpaka leo.

Pili, msichanganye kuita na kuitisha. Mtu unamwita. Mkutano unauitisha. Mwenyekiti akisema "nimeita mkutano" namsahihisha kila siku, naona hata humu kuna wanaokosea.

Tatu, sheria inataka mkutano mkuu wa kijiji kila miezi mitatu, wakazi wote wa miaka 18 na kuendelea. Nilikuwa kijijini kabla ya kuhamia mjini. Mnajua kusubiri akidi? Tangazo linasema saa nane kamili mchana. Saa tisa wapo wazee sita na mbwa. Saa kumi natuma mtu agonge ile rimu ya lori iliyotundikwa kwenye mwembe wa shule. Anaigonga kwa nondo mpaka mkono unakufa ganzi. Wanakuja watoto, wanadhani ni kengele ya uji.

#24 KobeWaGombe

Mtendaji, tatizo siyo rimu. Mnaita watu, ajenda ya kwanza kufungua kikao, ya pili kusoma muhtasari, ya tatu mchango wa madawati, ya nne mchango wa mwenge, ya tano mengineyo. Na kila mtu anajua shida zake ziko kwenye mengineyo, na mengineyo hayafikiwi, jua limezama.

#25 MtendajiFulani

Mengineyo tunayafikia.

#26 KobeWaGombe

Mwaka gani?

#27 BintiWaNzega

Mtendaji pole na kazi. Lakini swali moja kwa heshima: balozi wa nyumba kumi hamtumii siku hizi? Sisi tulikuwa tunamwona balozi anapita mlango kwa mlango, anakaa kidogo, anauliza mgonjwa anaendeleaje, ndipo anasema "kesho tunakutana". Huyo huwezi kumkimbia, kwa sababu ameshakaa kwenye kigoda chako.

#28 MtendajiFulani

Balozi ni wa chama dada, tukimtumia upande mwingine unanuna. Hapo pana hadithi ndefu, siiingii.

#29 MvuviWaKalya

Siku hizi ni kundi la WhatsApp. Tangazo la mkutano linatumwa, chini yake watu arobaini wanaweka vidole gumba, anakuja mtu mmoja.

#30 MwlChaki

Nimerudi. Niliahidi kuhusu "la", na naona mmetembea mpaka Lagosa mkarudi bila kuipata.

Kiswahili kina tabia ya kuficha jina na kuacha mkia wake. "Za mwizi arobaini": za nini? Siku. Hakuna anayetamka siku, na hakuna anayeuliza. "Lisilobudi hutendwa", "liwalo na liwe": hapo limefichwa jambo. Kwa hiyo "la mgambo" ni mkia wa jina lililofichwa, la ngeli inayopatana na li-. Je, ni lipi? 

Wengine wanadai ni jambo. Haiwezekani, na methali yenyewe inakataa. Weka jina mahali pake: "Jambo la mgambo likilia lina jambo." Jambo lina jambo? Huo ni uchuro. Halafu jambo halilii. Katika lugha yetu kinacholia bila machozi ni chombo: ngoma inalia, kengele inalia, honi inalia, simu inalia. Tunatafuta chombo cha kuita watu, chenye li-. Mbiu ni i-, Mwanapwani yuko sahihi, ndiyo maana yake inasema "ya mgambo ikilia ina jambo". Panda nayo ni i-. Kinachobaki ni BARAGUMU. Baragumu la mgambo likilia, lina jambo. Hivyo ni methali moja yenye pembe mbili: wenye mbiu wakasema ya, wenye baragumu wakasema la. Halafu jina likadondoka, likabaki "la" peke yake likininginia, na Sajini akalipa jeshi.

Na baragumu huku kwetu si neno la kitabuni. Tabora na Ujiji vilikuwa vituo vikubwa vya njia ya misafara. Kirangozi wa Wanyamwezi alikwenda mbele na baragumu la pembe ya tandala. Alfajiri likilia, wapagazi wanainua mizigo. Mkifika kijijini linalia tena, wenyeji wajue ni msafara na siyo vita. Nani atasema kwamba methali haikulala kambini pamoja nao?

Kwa hiyo pia naomba wanaoandika "lamgambo" kama neno moja waache. Hilo si jina la kitu. Mnaufunga mkia kwenye ng'ombe mwingine.

#31 Mwanapwani

Nimekubali, nusu. "Lina jambo" nimekubali. Lakini huyu wa gari alisema "KUNA jambo". Hiyo ni ya wapi?

#32 MwlChaki

Hiyo ni ya watu waliosahau baragumu. Ukikumbuka kwamba kuna chombo, utasema chombo kina jambo, kimelibeba. Ukisahau chombo, jambo linabaki hewani, basi "kuna". Mimi siisahihishi tena, imeshazoeleka. Ila kwenye mtihani wangu andikeni "lina".

#33 SajiniMstaafu

Baragumu nimelikubali. Jeshini tulikuwa nalo, na likilia saa kumi alfajiri hakuna aliyeuliza ngeli.

#34 MwishoWaReli

MREJESHO, wakuu.

Leo nimerudi kwa mama na elimu yote mliyonipa. Nikamweleza taratibu: mama, mgambo siyo askari, ni wito. Na la ni baragumu. Wazee walipuliza pembe, watu wakaja. Hakuna haja ya kukimbia neno.

Alinisikiliza vizuri kabisa, huku anapindua migebuka kwenye karai. Akaniuliza, "Hilo baragumu, mwanangu, aliyelipuliza alikuwa amekaa wapi?"

Nikasema nadhani alisimama mahali pa juu, wote wamsikie.

"Basi huyo alisimama. Huyu wetu anapita na gari, na gari ni lile lile lililobeba mizani yangu mwezi wa tatu, mpaka leo haijarudi. Hata angelia kwa Kiarabu ningeondoka."

Nikamuuliza na mkutano wa maji je, hakwenda? Akanitazama kama mtoto. Alikwenda. Alificha ndoo kwa dada yake, akanawa mikono, akafika kabla ya mwenyekiti, akakaa benchi la mbele. Anasema alisubiri mengineyo mpaka wakayafikia, akaulizia mizani. Wameandika.

Mia tano yangu amenilipa kwa dagaa, fungu zima na nyongeza juu.